UZI: Zinki ikitoka baharini ingali mpya, hapo ndio uogope

FundiWaNguzo
Wasee habari zenu. Wiki hii nimeona watu wakibishana huku rangi gani ya geti haishiki kutu, alafu mmoja akauliza, sasa zile nguzo na mabomba zinakaa ndani ya bahari miaka thelathini hupakwa rangi gani? Nikaanza kumjibu pale pale nikaona jibu linakuwa refu, acha nilifungulie uzi wake. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yetu iko Industrial Area, Nairobi, na kwa miaka kadhaa tulikuwa tunatengeneza nguzo za chuma za magati, tunazipakia kwa lori hadi Mombasa. Kutu ya baharini nimeishika kwa mkono, sijasimuliwa.

Jibu lenyewe: rangi peke yake haitoshi, hata iwe epoksi ya bei gani. Chuma kinachoishi chini ya bahari kinalindwa na kingine kinachokufa badala yake.

Kutu si kuoza kama mbao. Ni umeme. Ukitumbukiza chuma kwa maji ya chumvi, sehemu moja ya hicho chuma inaachilia elektroni na chuma chenyewe kinayeyuka pole pole kuingia majini, zile elektroni zinatembea ndani ya chuma mpaka sehemu nyingine ambapo oksijeni ya majini inazipokea, basi, hapo uko na betri iliyoshotiwa na haitazimika mpaka kitu kimoja kwa huo mzunguko kikosekane. Maji ya bahari yako na chumvi kama gramu 35 kwa lita, yanapitisha stima, yaani umeme, vizuri sana kuliko maji ya mfereji, kwa hivyo betri hiyo inafanya kazi usiku na mchana.

Sasa ujanja ni huu. Ukifunga kwa hicho chuma kipande cha zinki au alumini, hicho kipande kinapenda kuachilia elektroni kuliko chuma. Kinaanza kuliwa, chuma kinapumzika. Jina lake ni anodi ya kafara, lakini kwa kazi sisi tunaita zote zinki, hata zile za alumini. Ukipima kwa elektrodi ya fedha, kile kifaa cha kulinganishia volti za chuma majini, chuma kitupu baharini kinasoma kama volti -0.65, zinki -1.03, alumini ya anodi kati ya -1.05 na -1.10. Ukishakivuta chuma hadi -0.80 au chini zaidi, umekilinda.

Sasa niwaambie kitu kilichonifanya niandike. Kuna gati dogo la mtu binafsi, sitataja mwenyewe wala mahali, tulipeleka nguzo na anodi zikiwa zimechomelewa vizuri kabisa. Tukaondoka. Wachoraji wakaja baada yetu kumalizia rangi, na wakapaka kila kitu. Na anodi pia. Epoksi ya buluu, koti mbili. Miaka minne baadaye tukaitwa kwa sababu gati linatikisika. Mpiga mbizi akatoka na anodi moja mkononi, iko na kingo kali za kiwandani, namba ya chapa bado inasomeka, mwenye gati akafurahi, akasema ona, bado ni mpya, hamkuniuzia takataka.

Mimi nilishtuka. Anodi ikiwa mpya baada ya miaka minne maana yake kuna kitu kingine kimekuwa kikiliwa. Tulingoja maji ya bamvua yapwe tukashuka na mashua mpaka chini kabisa, pale maji hupwa na kupaacha wazi mara chache tu kwa mwezi. Nguzo ilikuwa na tope la rangi ya chungwa, laini kama uji. Nikalifuta kwa kidole, chini yake kuna tope lingine jeusi linanuka yai viza. Nikalifuta hilo pia na chini yake chuma kinang'aa kama kijiko kipya, kimejaa mashimo. Shimo moja tulipima milimita 3. Bomba lenyewe lilikuwa milimita 12.

Kung'aa huko ndio kubaya zaidi. Hiyo ni kazi ya bakteria, wengine wanapumua salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni na kutoa ile harufu, wengine wanatengeneza asidi, na wanapenda sana hapo karibu na mstari wa chini wa maji kupwa. Anodi zingekuwa wazi, pengine tusingefika huko.

Kwa hivyo ombi langu kwa kila fundi atakayesoma hii: usipake rangi anodi. Zifunge na plastiki na tepu kabla mchoraji hajafika, na umwambie kwa mdomo wako, usiandike tu kwa karatasi.

KijanaWaLungaLunga
Fundi heshima yako. Mimi niko kwa kazi ya kupiga chuma mchanga na kupaka. Tunasafisha hadi Sa 2½, hicho ni kipimo cha usafi wa chuma kilichopigwa mchanga, chuma kinabaki cheupe karibu chote, tunapaka primer ya epoksi, koti ya katikati, ya juu. Kwani hiyo nayo haizuii maji kufika kwa chuma? Nikipaka vizuri zinki ni ya nini.

FundiWaNguzo
Swali zuri na kazi yako naiheshimu, bila hiyo Sa 2½ hata rangi ya dhahabu ingebanduka. Lakini fikiria safari ya nguzo. Imetoka kwenu ikiwa safi, imefungwa minyororo kwa lori, imeteremka Mombasa Road kilomita karibu 480 ikirushwa na matuta, ikanyanyuliwa na kreni, ikapigwa na nyundo ya kusimika mpaka ikaingia kwa mwamba, na mashua zitakuwa zikiigonga kila siku. Mikwaruzo lazima iwepo. Na rangi yenyewe inazeeka, maji yanaipenya taratibu.

Rangi inapunguza eneo la kulindwa, anodi inashughulikia pale rangi imeshindwa. Zikiwa pamoja unatumia anodi chache na zinakaa miaka mingi. Ukiacha rangi uweke anodi tupu inawezekana, kuna miundo ya mafuta baharini haikupakwa rangi chini ya maji kabisa, lakini utabeba tani na tani za alumini.

Nuru_Inj
Mzee nasomea uinjinia mwaka wa tatu. Naomba hesabu. Kilo ngapi za anodi kwa mita ya mraba? Darasani tunapewa fomula tu, sijawahi kuona mtu akiitumia.

FundiWaNguzo
Twende pamoja Nuru. Kwa maji ya joto kama yetu, zaidi ya digrii 20, na kina kisichozidi mita 30, kanuni wanayotumia wengi, ile ya DNV RP-B401, inasema chuma kitupu kinahitaji kwa wastani ampea 0.07 kwa kila mita ya mraba. Mwaka una saa 8,760. Chukua miaka 20. Zidisha 0.07 mara 8,760 mara 20, unapata ampea-saa 12,264 kwa mita moja ya mraba.

Alumini ya anodi, kwa hesabu ya kubuni, kilo moja inatoa ampea-saa 2,000. Lakini huwezi kuila yote, ikibaki nyembamba inakatika, kwa hivyo ile ndefu iliyosimama mbali na nguzo unahesabu asilimia 90. Gawa 12,264 kwa 1,800. Ni kilo 6.8. Ukitumia zinki, kilo yake inatoa 780 tu, hesabu ile ile inakupa kilo 17.5. Ndio maana baharini alumini imechukua kazi, uzito huo wote ni mtu anaulipia kuubeba.

Gati lenye mita 300 za mraba zisizo na rangi, miaka 20, ni karibu tani mbili za alumini. Sasa kama rangi imeshika vizuri na kwa wastani wa miaka yote ni sehemu moja ya tano tu iko wazi, gawa kwa tano. Ona venye kazi ya KijanaWaLungaLunga inaokoa pesa.

Alafu usiishie kwa kilo. Siku za kwanza chuma kinataka ampea 0.15 badala ya 0.07, kwa hivyo lazima uangalie kama umbo la anodi zako linaweza kusukuma stima yote hiyo mwanzoni. Mbili nene zinaweza kuwa na kilo za kutosha na bado zikashindwa, kumi nyembamba zikafaulu. Ikishafanya kazi, chuma kinajijengea ukoko mweupe wa chokaa, ule ule unaona ndani ya birika ukichemsha maji ya bohol (visima virefu vya kuchimbwa) za Kitengela. Ukoko huo ni rafiki. Mpiga mbizi akikuambia chuma chini ni cheupe na kigumu, shukuru.

Otis_Donholm
Kwa nini wasitumie stenlesi mambo yaishe? Sinki yangu ya jikoni ina miaka 15 haina kutu.

FundiWaNguzo
Bro sinki yako haijawahi kukaa chini ya chaza. Stenlesi inajilinda na utando mwembamba sana unaohitaji oksijeni ili ujirudishe. Baharini kloridi ya chumvi inautoboa, na pale chini ya chaza, chini ya boliti, chini ya mpira wa kuzibia, oksijeni haifiki, utando haurudi, na hapo inachimbwa shimo refu na nyembamba huku kwa nje ikiwa bado inapendeza. Hata ile 316 wanaiita ya baharini ni nzuri kwa reli za boti zinazooshwa na mvua, lakini kuizamisha muda mrefu bila ulinzi ni hatari. Stenlesi za kuhimili bahari zipo, bei yake huwezi jengea gati.

Kitu kingine, ukiunganisha stenlesi na chuma cha kawaida majini, chuma cha kawaida kinakuwa kafara ya stenlesi. Nimeona boliti za stenlesi ziko salama na bamba lililozishika limekwisha.

MamaWaLikoni
Hamjambo wanangu. Mimi niko Embakasi miaka mingi sasa lakini nimezaliwa Likoni, baba yangu alikuwa mtu wa mashua. Hiyo ya nguzo kuliwa chini naiamini, lakini sisi tuliona zaidi pale juu maji yanapopigapiga. Nguzo chini imekaa, juu imekaa, katikati imebaki kiuno cha nyigu. Mbona hiyo zinki haisaidii pale?

FundiWaNguzo
Shikamoo mama. Umegusa penyewe. Zinki inahitaji maji yawe njia ya kurudishia stima. Pale juu ya maji kujaa, mawimbi yanarusha maji yanakauka yanarusha tena, hakuna maji ya kudumu, mzunguko unakatika, zinki haifiki. Na wakati huo huo chuma kimeloa chumvi, kiko na oksijeni tele na jua linakipasha moto. Hakuna mahali pabaya kama hapo kwa gati lote.

Hapo dawa ni kukifunika tu. Rangi nene yenye vipande vya kioo ndani yake, au kufungwa na tepu yenye grisi alafu juu yake ganda gumu la plastiki, na wengine wanaongeza unene wa chuma kabisa tangu mwanzo, wanasema bahari ile hizi milimita sita, nyingine zitabaki. Kwa majukwaa ya mafuta kuna yaliyovishwa shati la Monel, mchanganyiko wa nikeli na shaba. Mimi kwa gati zetu tepu ndio nimeona ikikaa, na mafundi wanaweza kuifunga hata maji yakiwa yamepwa nusu.

Otis_Donholm
Sawa nimekubali. Na mabomba? Nguzo unaweza zungukia na mashua, bomba liko chini huko halionekani. Sisi watu wa Nairobi petroli yetu inatoka huko, na tuliona mafuta yalipovuja Thange kule Makueni 2015 watu walivyoteseka na maji ya kunywa. Hiyo ilikuwa nchi kavu. Baharini nani anaona?

FundiWaNguzo
Hapo umenena. Gati jipya la mafuta la Kipevu, Mombasa, lilifunguliwa 2022, liko ndani ya maji, meli nne zinaweza kushusha kwa wakati mmoja, na mafuta yanafika nchi kavu kwa mabomba yanayopita chini ya bahari. Tanzania wako na gesi ya Songo Songo tangu 2004, bomba la inchi 12, kilomita 25 hivi chini ya bahari kabla halijagusa bara. Kwa hivyo si mambo ya Ulaya tu.

Bomba la chini ya bahari linavishwa nguo tatu. Kwanza epoksi ya unga inayopikwa juu ya chuma chenye moto, juu yake gundi, juu yake polithini. Mara nyingi linavishwa tena zege lenye nyavu za chuma ili liwe zito, bomba la gesi bila uzito huo linaweza kuelea. Anodi zake ni kama bangili, nusu mbili zinakumbatia bomba, unene wake sawa na zege ili zisikwame wakati wa kulaza, na kila moja ina waya uliochomelewa kwa chuma cha bomba. Huo waya ndio moyo wa mambo yote, ukikatika hiyo bangili ni pambo.

Penye wasiwasi ni viungo. Bomba moja ni mita 12 hivi, kwa kilomita 25 una viungo zaidi ya 2,000, na kila kiungo kinachomelewa juu ya meli inayolaza, kinapigwa picha ya eksirei, alafu kinavishwa nguo yake hapo hapo kwa dakika chache wakati kiwandani ile nguo ilivishwa kwa utulivu. Ukiniuliza pa kumweka mkaguzi mkali, nitamweka hapo.

Na nani anaona? Wanashusha roboti ya chini ya maji yenye elektrodi, inatembea juu ya bomba ikisoma volti, na kila bangili inachomwa na sindano kusomwa. Ikisoma -0.95, vizuri. Ikipanda kuelekea -0.80, zinki zimekaribia kuisha na uko na muda wa kupanga. Ikifika -0.70, chuma kimeanza kujilipia. Lakini hiyo yote ni ya nje. Ndani ya bomba anodi haioni kitu, maji yakituama chini ya mafuta yanakula kimya kimya, huko wanatumia dawa za kuzuia kutu na ile mashine inayosukumwa ndani ya bomba kusafisha na kupima unene.

Bomba likitoka baharini kuingia nchi kavu kuna kiungo maalum kisichopitisha stima kati ya pande mbili. Juu nchi kavu wanatumia mashine inayosukuma stima ardhini kulinda bomba, na hutaki hiyo ichanganyike na bangili za baharini. Hiyo mashine nayo ukifunga nyaya kinyume, bomba lako ndio linakuwa anodi. Ampea moja kwa mwaka mzima inabeba kilo 9 za chuma. Piga hesabu ya ampea ishirini.

KijanaWaLungaLunga
Aki hiyo ya kilo 9 imenigusa. Sasa sisi tukichomelea gati na mashine iko nchi kavu, ile stima haiwezi pitia kwa maji?

FundiWaNguzo
Inaweza, na imewahi kuharibu mashua zilizofungwa karibu. Ile klempu ya kurudisha stima iweke juu ya kipande chenyewe unachochomelea, karibu kabisa. Usiiweke kwa reli ya mwanzo wa gati mita hamsini nyuma kwa sababu hapo ndipo waya umefika. Ongeza waya. Hii kitu haiandikwi mahali popote kwa kazi zetu na inapaswa kuandikwa kwa ukuta.

Nuru_Inj
Mzee nani aligundua haya yote?

FundiWaNguzo
Ni zamani kuliko watu wanavyodhani. Humphry Davy, Mwingereza, 1824, akisaidiwa na Michael Faraday. Meli za vita za mbao zilikuwa zimevishwa shaba chini na shaba ilikuwa inaliwa. Davy akafunga vipande vya chuma na zinki, shaba ikaacha kuliwa kabisa. Tatizo, ile shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo ilikuwa inaua chaza na majani. Ikaacha kuyeyuka, meli zikaota bustani, zikawa nzito, jeshi la majini likaachana naye. Sayansi ilikuwa sahihi. Mwaka wa 1928 Robert Kuhn akaitumia kwa bomba la gesi New Orleans na kutoka hapo mabomba yakafuata.

ShangaziWaRongai
Nimesoma yote ingawa sina gati. Nina hita ya sola juu ya nyumba, miaka sita, na siku hizi maji ya moto yanatoka na rangi ya chai. Fundi alikuja akasema tenki limeisha ninunue lingine. Kuna uhusiano?

FundiWaNguzo
Shangazi uhusiano upo kabisa, ni kitu kile kile. Tenki nyingi za chuma zilizopakwa enameli ndani ziko na fimbo ya magnesiamu ndani, ndiyo kafara yake. Maji ya bohol ya Rongai yana chumvi chumvi, fimbo inaisha haraka, na ikiisha tenki linaanza kuliwa. Fungua kabla hujanunua lingine. Ifanyike asubuhi mapema tenki likiwa limepoa, funga maji yanayoingia, fungua mfereji wa moto presha iishe, alafu ile nati kubwa kwa upande au juu ya tenki ifunguliwe na spana ndefu. Mtu asipande juu peke yake.

Na usikubali kuuziwa ya zinki ati ni bei nafuu. Kwa maji baridi ya chumvi zinki ni nzuri, lakini kwa maji matamu yenye joto la digrii 60 na zaidi zinki inaweza kugeuka, chuma ndio kikawa kafara yake. Hapo ni magnesiamu. Na baharini ni kinyume, magnesiamu inavuta kwa nguvu mno, inaisha kabla hujageuka, inabandua rangi, na chuma kigumu kikivutwa kupita -1.10 kinaingiwa na haidrojeni kikapasuka. Boliti ngumu zimevunjika hivyo bila kutu hata kidogo.

Nuru_Inj
Nimefanya jaribio hosteli. Mitungi mitatu ya jemu, maji lita moja kila mmoja na vijiko viwili vikubwa vya chumvi, misumari ya kawaida isiyo na zinki. Wa kwanza peke yake, wa pili nimezungushia waya wa shaba, wa tatu nimeufunga na kipande cha kopo la betri ya tochi ile ya bei rahisi, nililikata na glavu nikaosha ule unga mweusi. Kabla ya kuufunga nilipima kati ya msumari na zinki, mita ikasoma volti 0.41. Leo siku ya tatu, wa shaba maji yamekuwa machungwa kabisa, wa peke yake umeanza, wa zinki unang'aa na zinki yenyewe imefanya unga mweupe.

FundiWaNguzo
Safi sana Nuru. Sasa chukua rangi ya kucha, pakaa hiyo zinki yote mpaka isionekane, rudisha kwa mtungi, utuambie wiki ijayo.

ShangaziWaRongai
Imefunguliwa asubuhi hii na kijana wa jirani. Fimbo hakuna. Umebaki waya mwembamba wa katikati tu, kama kiberiti kilichoungua. Ndani ya tenki amemulika na tochi, kutu iko kwenye mshono mmoja, haijatoboka.

FundiWaNguzo
Basi umewahi. Pima urefu wa huo waya na upana wa nyuzi za nati, uende nazo mkononi dukani, wasikukisie. Ukifunga mpya tumia tepu nyeupe ya fundi bomba kidogo tu, na upime na mita kama fimbo na tenki bado vinagusana kwa stima. Andika tarehe juu ya tenki kwa kalamu ya rangi, na ifunguliwe tena baada ya mwaka mmoja.